Mkate wa Bi Zuwena

Kwa gulio la nne mfululizo, yule mwanamume alinunua mkate mmoja wa Bi Zuwena, akaunusa, akaufunga kwenye leso, akageuka kwenda zake. Bi Zuwena, ambaye alikuwa hajapata kumwona akila hata chembe, aliruka vikapu alivyovisuka mwenyewe, akamshika mkono.

“Unaupeleka kwa mganga gani? Leo utaula hapa hapa, mbele yangu!”

Mwanamume akaifungua leso, akaumega mkate, akampa yeye kipande cha kwanza.

“Mke wangu anautamani, mama, lakini haugusi. Hapa gulioni wanasema unautilia dawa ya kuvuta wateja. Anza wewe.”

Bi Zuwena akawageukia wauzaji wenzake. Akatia kipande kinywani, akatafuna polepole, nao wakimkodolea macho kooni.