Sikio la Wembe

Goli liliingia wakati maiti inafufuka. Wembe akacheka kwa sauti, akapiga paja, na filamu ya kutisha ambayo watu wanne walihangaika nayo mwaka mzima ikafa papo hapo.

Habari za goli hakuna aliyezijua. Walichokiona ni Wembe anacheka. Profesa na Miwani, wakosoaji wenzake wa filamu, walikuwa na desturi ya kukaa pembeni yake, jicho moja kwenye skrini, jingine kwenye shavu la Wembe. Jumatatu magazeti matatu yakaandika kwa kauli moja: kichekesho kizuri cha makaburini.

Mwezi uliofuata Wembe alilia katikati ya filamu ya vichekesho. Timu yake ilikuwa inafungwa la nne. Magazeti yakasifu "msiba mzito uliojificha nyuma ya kicheko". Filamu ya mapenzi ilikosa bahati: ilionyeshwa siku isiyo na mechi. Wembe alilala fofofo, na wenzake wakaandika kwamba inafaa kuuzwa kwenye duka la dawa.

Aliyeijua siri hiyo alikuwa mmoja tu, na aliijua kwa sababu ya kazi yake. Fundi alitengeneza redio na simu kwenye kibanda chembamba kilichobanwa na ngazi za jengo alimoishi na mama yake. Wembe alikuwa mteja wake. Alimletea kidude kidogo kama punje ya maharage, cha kuvaa sikioni chini ya kofia na kusikilizia mpira.

"Hiki kikinifia Jumamosi, na mimi nimekufa," alimwambia.

"Jumamosi si huwa uko ukumbini, mzee?"

Wembe alikohoa kidogo. "Filamu za siku hizi, binti yangu, ukishaona bango umeshaona yote."

Maneno hayo yalimchoma Fundi. Yeye mwenyewe alikuwa na filamu. Aliipiga kwa miaka mitatu, humo humo kwenye jengo lao lenye lifti mbovu. Mhusika mkuu alikuwa mama yake mzazi, anayepandisha ndoo ya maji hadi ghorofa ya nne kumpelekea jirani aliyemnunia miaka kumi. Ilikuwa hiyo tu: mama, ngazi na ndoo. Mama alikuwa ameshashona gauni la kwenda kujitazama, na ameshawaalika watu wa ghorofa zote, pamoja na waliomnunia kweli.

Mwenye ukumbi wa filamu alipopita kibandani hakupinda maneno. "Wembe akiisifu, nakupa wiki nzima. Akiiponda, mtaitazamia sebuleni kwenu."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Fundi alichungulia ratiba ya mpira iliyobandikwa ukutani kwake, akaitafuta fainali ya timu ya Wembe.

"Basi naomba Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alisema. "Saa kumi kamili."

"Kwa nini saa kumi?"

"Mama anapenda mwanga wa saa kumi."

Mwenye ukumbi alitaka kumkumbusha kwamba ndani ya ukumbi ni giza wakati wote, lakini akaona wasanii ndivyo walivyo, akaacha.

Ijumaa, siku moja kabla ya fainali, Wembe alikileta tena kile kidude, waya umekatika. Fundi aliuchomelea kwa uangalifu kuliko redio yoyote aliyowahi kuishika.

Jumamosi saa kumi taa zikazimwa. Fundi hakutazama filamu yake hata kidogo, alimtazama Wembe. Mwanzoni mzee alihangaika, akaipapasa kofia, akajikuna sikio. Kisha akatulia. Kelele za shangwe zilipovuma kutoka kwenye duka la vinywaji nje, Wembe hakutikisika. Fundi akajiambia, hilo ni la wapinzani. Baadaye nje kulikuwa kimya kabisa, na Wembe akashika kichwa kwa mikono miwili. Wamekosa penalti, Fundi aliwaza. Profesa naye akashika kichwa, na Miwani akafuata.

Filamu ilipokaribia mwisho, Mama akiwa ameitua ndoo mlangoni na jirani ametoka kushika upande wa pili wa ndoo bila kusema neno, Wembe alikuwa analia. Alilia bila kujificha, mabega yakitikisika. Profesa alijifinya mpaka chozi likamtoka.

Njiani kurudi nyumbani, Fundi alisikia kwamba timu ya Wembe imetwaa kombe. Kumbe yale yalikuwa machozi ya furaha, aliwaza, na akajua atapata wiki yake.

Aliipata. "Kwa miaka ishirini sijawahi kushikwa hivi," Wembe aliandika Jumatatu. "Ile ndoo nitaiota." Hata ndoo ameitaja, Fundi aliwaza, kwa kuwa iko kwenye bango. Watu walipanga foleni hadi barabarani. Mama aliikata ile makala ya gazeti, akaibandika juu ya jiko, na kila aliyepita kuomba chumvi alisomewa yote. Fundi alikula akiwa ameipa mgongo. Roho ilimsuta. Amemfurahisha mama yake kwa sifa za mpira.

Alhamisi Wembe aliinama akaingia kibandani. Alivua kofia, akaweka kile kidude mezani kwa hasira.

"Binti yangu, ufundi gani huu? Kimekufa hata mpira haujaanza."

Fundi alikiokota, akakigeuzageuza.

"Na wewe ukafanyaje, mzee?"

"Ningefanya nini, na wale wawili wamenikodolea macho?" Wembe alitazama pembeni, akajifuta jicho kwa ukingo wa kofia. "Ikabidi nitazame filamu."