Kisanduku cha Mwisho

Programu ile mwalimu Sikudhani aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ya kupangia madawati ya mtihani. Mgodi ulipoporomoka, wazee wakaja kumwomba aitumie kupanga makaburi.

"Mistari mingapi?" kompyuta iliuliza. Akaandika sita. "Safu ngapi?" Akaandika saba.

Mzee Ngwatu, msimamizi wa makaburi, alimsomea majina ya maiti waliotolewa kifusini, naye akayaingiza moja moja, kila jina kisanduku chake. Baada ya jina la arobaini na moja, mzee akakunja karatasi.

"Yameisha. Chapa ramani, wachimba makaburi wanaisubiri."

"Haichapi mpaka visanduku vyote vijae, hata kwa sifuri ya nafasi tupu."

"Sasa hicho kimoja ulikiweka cha nani?"

"Walioshuka mgodini zamu ile ni arobaini na wawili."

Mzee akamtazama, kisha akainamisha kichwa. "Mumeo bado anatafutwa, mwanangu. Weka sifuri."

Alfajiri ya zamu ile mumewe alikuwa na homa. Yeye ndiye aliyemwamsha asichelewe zamu.

Sikudhani akapeleka kidole kwenye sifuri, lakini hakikubonyeza. Nje, bila kungoja ramani, jembe la kwanza lilipiga ardhi.