Ugonjwa Wenye Bidii

"Ugonjwa wa bibi yangu una bidii sana," alisema Miao Hailiang, akitafsiri kwa kubabaisha sentensi ya Kiingereza iliyokuwa ubaoni, kisha akaketi.

Mwalimu Qi Suyun alimrushia kipande cha chaki. Kesho ni mtihani wa kuingia chuo kikuu, na kiranja wa darasa, mtoto aliyemtegemea kuliko wote, bado ameshindwa kutafsiri neno moja tu.

"Ugonjwa una bidii? Unaamka alfajiri kudurusu?"

Darasa likacheka. Duan Cuilan, pale dirishani, alicheka mpaka akapaliwa na mbegu za alizeti.

"Tema hizo mbegu, Cuilan. Na wewe Hailiang, simama. Sisi Wachina tuna maneno mawili. Moja ni la mtu anayefanya kazi yake kwa moyo, jingine ni la ugonjwa uliozidi. Waingereza ni wavivu, wanalo moja tu, wanalitumia kotekote: 'serious'. Haya, nitungie sentensi ya mwanafunzi."

Hailiang alikuna kichwa. "Samahani, Mwalimu. Kwani huyo mwanafunzi naye anaumwa?"

"Wewe ndiye utakayeniua mimi."

Hakuwa akitania sana. Baba yake Hailiang alichimba makaa ya mawe, na kikohozi chake kilitoka cheusi. Wakati wa baridi alikuja nyumbani kwa mwalimu amekumbatia kabichi mbili, akakataa hata kuketi, akaomba jambo moja tu: kijana asishuke shimoni. Mwalimu Qi alimpa neno lake. Sasa kijana mwenyewe asipofaulu kesho, wiki ijayo atavishwa kofia yenye taa kama baba yake, na ile ahadi itakuwa imekwenda na maji.

Na darasani wamekuja sita tu. Hilo nalo lilimchoma roho.

"Wenzenu wako wapi? Siku ya mwisho kabla ya mtihani, watu wanacheza?"

"Wako mbali, Mwalimu," alijibu Hailiang taratibu. "Wanakusalimu sana."

"Salamu zitawafanyia mtihani?"

Mwalimu alishuka kutoka ubaoni, akaenda mpaka kwenye meza ya kiranja. Nywele za kijana zilikuwa nyeupe kwa vumbi la chaki. Akazipangusa kwa kiganja mara kadhaa, vumbi lisitoke.

"Unalalia ubao siku hizi?"

"Ni chaki, Mwalimu," alisema Hailiang, akainamisha kichwa zaidi ili aweze kufikiwa.

Mlango ukafunguliwa. Mama mmoja wa nguo nyeupe alichungulia na bakuli la uji wa mtama. "Mwalimu Qi, uji unapoa."

"Kipindi hakijaisha, wewe mpishi. Mambo ya jikoni yabaki jikoni."

Hailiang alimpungia yule mama mkono kwamba asubiri kidogo. Mwalimu Qi aliuona ule mkono na hasira zikampanda upya. Kwa wapishi ana ishara, kwa mwalimu wake hana sentensi.

"Juzi mliyajua haya yote," alisema. "Juzi hii hii! Niliuliza, mkajibu wote, hakuna aliyekosea hata mmoja. Nikafunga kitabu, nikakosa cha kufanya. Nilishinda nimelala nikiutazama ukuta, hata uji haukupita. Leo yameenda wapi?"

Wanafunzi walitazamana.

"Tumesahau, Mwalimu," alisema Cuilan. "Tufundishe tena."

Basi akafundisha tena. Alichora mgonjwa kitandani, akachora na mwanafunzi mezani, akaliandika lile neno kati yao. Alieleza mpaka jasho likamtoka, mgongo ukamnyooka, mashavu yakapata rangi. Akampa chaki Hailiang.

"Haya. Usiniaibishe."

Hailiang alikwenda ubaoni. Aliandika herufi moja, akaifuta, akaandika tena. Kisha akasoma polepole: "Mimi ni mwanafunzi 'serious'."

Mwalimu Qi aliitazama sentensi yote, mwanzo hadi mwisho, akitafuta kosa. Halikuwapo. Akashusha pumzi.

"Umeniponya," alisema. "Nitamwambia baba yako alale usingizi. Kiranja, funga kipindi."

"Simama!" aliita Hailiang.

Wote sita wakasimama, huku mmoja akijishikiza kwenye meza, na magoti mawili matatu yakalia. Wakainama kwa pamoja. "Asante, Mwalimu."

"Mlale mapema," aliwaambia. "Na kalamu mbili mbili kila mtu." Kisha akaketi, akageukia mlangoni. "Wewe mpishi, leta huo uji. Nina njaa."

Huko nje, kwenye ukumbi wa nyumba ya wazee, simu ya Hailiang iliita. Aliongea na mtu wa London kwa Kiingereza kilichonyooka, akamthibitishia kwamba mhadhara atakaoutoa kesho uko palepale, kisha akairudisha simu mfukoni na kumgeukia Cuilan, aliyekuwa akipekua mkoba akitafuta miwani yake ya kusomea.

"Kesho sitakuwepo," alimwambia. "Ni zamu yako kukosea."