Kadi ya Arobaini na Moja

Boksi lilikuwa nyuma ya ndoo za rangi, na jina langu la utani, Kinyonga, bado lilisomeka ubavuni.

Nikaweka ufagio chini. Nimefagia shule hii miaka kumi na moja, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa nitoe kila kitu stoo.

Enzi zetu shule hii ilisifika kwa mtindo wake mpya. Hakuna kufundishwa kwa mkumbo: kila mtoto na boksi lake la kadi za hesabu, kila mtoto na mwendo wake. Nilipomaliza kadi ya arobaini, Mwalimu alinishika bega. "Zako zimeishia hapa, mwanangu. Rudia."

Nilirudia miaka miwili, wenzangu wakinipita mmoja mmoja. Nilimpenda hivyo hivyo. Hata kazi hii ni yeye aliyenitafutia.

Ndani ya boksi, kadi ya arobaini na moja hadi ya mia na ishirini zilikuwa zimefungwa kwa uzi, hazijaguswa. Juu yake palikuwa na karatasi ya juma langu la kwanza shuleni, kwa mwandiko wake: "Huyu asivuke arobaini. Tusimchoshe bure."

Nikakata uzi kwa meno.

*Tangi lina lita mia sita. Bomba linatoa lita kumi na tano kila dakika. Litakauka baada ya dakika ngapi?*

"Kinyonga!" Mwalimu, siku hizi mkuu wa shule, alikuwa amesimama mlangoni akicheka. "Bado tu? Haya, taratibu. Kila mtu na mwendo wake."

"Arobaini," nilimjibu, nikachukua kadi iliyofuata.