Mko Salama?

Siku hizi sakafu ya kila nyumba inajua mtu akianguka. Mzee akizirai, gari huja kumchukua, na mtaani kwetu hajarudi hata mmoja. Mimi huzirai. Vipimo vyangu vyote ni safi, nakula vizuri, bustani nalima mwenyewe, halafu ghafla giza.

Mume wangu, Baba Tunu, ndiye anayenificha. Nikianguka, hulala haraka kando yangu. Sakafu huuliza, "Mko salama?" naye hujibu, "Tumejipumzisha tu." Huuliza tena na tena, naye hujibu mpaka nizinduke.

Leo nasonga ugali, nimesimama imara, mara nasikia kishindo nyuma yangu. Baba Tunu yuko chini.

"Baba Tunu, mbona umelala? Mimi sijaanguka!"

Hanisikii. Anapumua, lakini mwili wote umelegea.

"Mko salama?"

Najilaza kando yake, mwiko bado mkononi. "Tumejipumzisha tu."

Sakafu inanyamaza. Ugali unaanza kuungua. Namtikisa, namnong'oneza, "Amka, baba, nakuomba amka." Sakafu itauliza tena sasa hivi, na mimi naanza kuliona lile giza langu likija.