Jino la Joka

Samurai Tokisada alikuwa amepiga magoti mbele ya mtawala wa mji, tayari kupandishwa cheo na kupewa magunia elfu ya mchele kila mwaka, kwa kuliua joka la mlimani. Kichwa cha joka kilikuwa kando yake, na watu walikuwa wakimwimbia sifa.

Sayo, mjane wa askari wa cheo cha chini, alipenya katikati yao akiwa na upanga wa marehemu mumewe, umefungwa kwa kitambaa.

"Bwana mkubwa, joka aliliua mume wangu. Huyu alimchoma mgongoni, akabeba kichwa."

Tokisada akacheka. "Ni njaa tu hiyo. Mpeni mchele aende zake."

Sayo aliufungua upanga. Jino jeusi lilikuwa limenasa kwenye chuma. Akaling'oa kwa nguvu, akalichomeka kwenye pengo la taya la lile joka. Likaingia barabara.

Nyimbo zikakatika.

"Unataka nini, mama?" mtawala aliuliza. "Cheo cha mumeo? Mchele?"

"Mchele mpe mwingine," alisema Sayo, macho yake kwa Tokisada. "Mimi nipe ruhusa."

Mtawala alimtazama Tokisada. Kisha akawaashiria walinzi wake wasogee kando, Sayo apite na upanga.