Mama wa Majaribio

Hebu niambie: mama mjamzito akiandikishwa kliniki leo, na kesho yake mashine ikasema haimjui, wewe ungemlaumu nani?

Mkunga aliilaumu mashine. Mkuu wa kazi alimlaumu fundi. Fundi mwenyewe, mwanamke mwembamba ndani ya sweta pana la mumewe, hakumlaumu mtu. Alikaa kwenye meza ya kulia nyumbani kwa mama mkwe wake, kompyuta mbele yake, na kila aliyepiga simu alimjibu lile lile: "Naendelea kutafuta."

Mfumo wa kliniki aliuandika kwa Java, lugha ya kompyuta, na kwa macho ulipendeza. Unabonyeza kitufe cha kijani, ukurasa unafunguka: jina la mama, umri, mimba ya miezi mingapi, hali yake. Ila ukizimwa na kuwashwa tena, unaamka kama mtu aliyezaliwa leo. Yote ya jana yamefutika.

Dawa yake ilijulikana: kuuunganisha na hifadhidata, ile ghala ambamo habari hulala salama hata umeme ukikatika. Na wala si kazi ya kumtoa mtu jasho. Mafundi siku hizi hawaanzi na chumba kitupu. Wana kiunzi, mifupa iliyokwisha kuundwa, wao wanavisha nyama. Unakiwekea alama sehemu inayoeleza mama ni nani, nacho kinajua chenyewe jedwali la kumlaza. Wenzake waliimaliza kazi kama hiyo kati ya chai na chakula cha mchana. Yeye ilikuwa imemkwama kooni wiki kadhaa.

Na alikuwa na tabia moja. Kila akiuwasha mfumo, alikaa kwanza akiutazama mstari wa juu kabisa, mikono mapajani, ndipo aanze kazi.

Mama mkwe alipenda kuketi kando yake, akichambua maharage kwenye sinia, jicho moja kwenye kioo.

"Huyu wa juu kabisa si wewe? Naona jina lako."

"Ni mama wa majaribio tu, mama. Mfumo ukiwaka unamwandika wenyewe, ili nijue unafanya kazi."

Mama mkwe alisogeza miwani, akasoma polepole. "Mimba miezi minne. Inaendelea vizuri." Akaangua kicheko. "He! Tangu lini ni minne, na leo bado ni minne? Kwa mwendo huu mjukuu wangu atazaliwa na ndevu!"

Fundi alitabasamu kidogo, akalivuta sweta.

"Na wewe kula huli," mama mkwe aliendelea. "Tangu urudi kwenye ile semina yenu umepauka. Waliwalaza na njaa? Mwanangu, mko wawili, usimpunje mwenzio."

"Nitakula, mama."

Simu ililia. Alikuwa mkuu wa kazi, na sauti yake iliwafikia wote wawili.

"Dada, leo karudi mama mwenye presha. Wiki iliyopita mkunga alimwandika kuwa ni wa kuangaliwa kwa karibu. Mashine haina habari naye! Mkunga wa zamu ni mgeni, kampima haraka haraka, kidogo amruhusu aende. Bahati akadondoka mlangoni, sio njiani."

Fundi alisimama. "Yuko hai?"

"Yeye na mtoto, wote wazima. Lakini wa pili je? Kama kazi imekushinda, sema tu nimpe mwingine. Sikulaumu."

"Haijanishinda."

"Basi tatizo ni nini?"

Fundi alifumba macho. "Jioni itakuwa tayari."

Alikaa. Hakutafuta chochote; ghala alikwisha kuiunganisha zamani. Alifungua faili la mipangilio, akashuka moja kwa moja hadi kwenye neno moja fupi, aliloliweka kwa mkono wake mwenyewe: neno linaloamuru majedwali yajengwe upya kila mfumo unapowaka, na yabomolewe kila unapozimwa. Alilifuta. Badala yake akaweka la kuyaacha yalivyo.

Kisha akamwandikisha mama mwenye presha, na maelezo yote aliyosomewa na mkunga kwenye simu. Akauzima mfumo. Akauwasha.

Mama mwenye presha alikuwepo. Kila kitu kilikuwepo.

"Imekumbuka!" Mama mkwe alipiga makofi, maharage yakatawanyika mezani. "Si nilisema utaweza? Haya, na huyu wa juu sasa mrekebishe, maana ukimwandika ndio basi, hafutiki. Mjukuu wangu aingie na miezi yake kamili."

Fundi aliupeleka mshale hadi kwenye mstari wa kwanza. Ukasimama kwenye ile sehemu ya hali, ukimetameta, ukingoja. Alianza kuandika, akaacha. Akaondoa mikono kwenye kompyuta, akaishika ile ya mama mkwe wake, yenye vumbi la maharage.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mama," alisema, "siku zote hizi nilitaka kukuambia. Mtoto hatunaye tena."